Dume na Karatasi Yake



Katika barua tulizopata kuna moja iliyotukalisha kitako. Imetoka kwa wafugaji kumi na wawili wa kijiji kimoja cha kanda ya kati. Wamechanga fedha kwa misimu miwili, nia yao ni kuboresha ng'ombe wao wa nyama kwa mbegu ya dume wa kigeni. Mwenye kuuza mbegu amewaletea karatasi yenye majina ya madume watatu, na mbele ya kila jina kuna safu ya tarakimu, nyingine zina alama ya kujumlisha, nyingine ya kutoa. Wanauliza: je, wachukue yule mwenye tarakimu kubwa kuliko wenzake? Halafu chini ya barua mzee wa kikundi ameongeza maneno kwa mwandiko wake mwenyewe. Yeye hataki karatasi. Anataka amwone dume kwa macho, amtazame mgongo, miguu na kifua, kama baba yake alivyofanya.

Tungeweza kuwajibu kwa sentensi mbili. Lakini fedha hizo ni za misimu miwili, na dume akishapanda, kosa lake halionekani kesho. Linaonekana mwaka ujao ndama wakizaliwa, na tena baada ya miaka mitatu au minne mabinti zake wakianza kuzaa. Kwa hiyo leo tutachukua njia ndefu kidogo. Tutaeleza tarakimu hizo zilitoka wapi, maana watu waliozibuni walizibuni baada ya kuumia, na ukijua walivyoumia utajua namna ya kuzisoma.

Tuanze Uingereza katika karne ya 18. Mahali paitwapo Dishley, katika wilaya ya Leicestershire, alikaa mkulima jina lake Robert Bakewell, aliyezaliwa mwaka 1725 na kufariki mwaka 1795. Wakati ule wafugaji wengi waliacha madume na majike wachanganyike ovyo malishoni. Bakewell aliwatenga, akachagua nani apande nani. Jambo alilofanya ambalo mimi naliona la akili kuliko yote ni hili: madume wake wengi, wa kondoo na wa ng'ombe, hakuwauza, aliwakodisha. Dume alikwenda kwa mtu msimu mmoja, akapanda, akarudi nyumbani. Kwa njia hiyo Bakewell alipata kodi, na vilevile alipata kuona watoto wa dume huyo katika mazizi ya watu wengine, mbali na majani yake mwenyewe. Aliyetoa watoto wazuri kila mahali alibaki. Mwingine, hata awe na umbo la kupendeza namna gani, aliondoka. Kumbe hapo zamani tayari mtu alikuwa ameng'amua kwamba dume anapimwa kwa watoto wake.

Waliomfuata walishika nusu ya somo. Walishika kuchagua na kuandika ukoo, wakasahau kuhesabu watoto. Mwaka 1810 dume aitwaye Comet, wa ng'ombe wa Shorthorn, aliuzwa katika mnada wa Charles Colling kwa gini 1000, yaani pauni 1050 za wakati ule, na baba yake Comet alikuwa pia ndiye babu yake upande wa mama! Mwaka 1822 George Coates alitoa kitabu cha kwanza cha ukoo wa Shorthorn. Tangu hapo mwenye dume alionyesha kitabu: baba ni fulani, babu ni fulani, alishinda maonyesho fulani. Kitabu cha ukoo ni kitu kizuri, lakini hakikuwa na uzito wa ndama hata mmoja ndani yake.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko mambo yalikoharibika.

Katika miaka ya 1930 na 1940 waamuzi wa maonyesho ya ng'ombe huko walipenda dume mfupi, mnene, mwenye miguu mifupi na kifua kilichoshuka karibu na ardhi. Dume wa namna hiyo ndiye aliyepewa utepe, na mwenye utepe ndiye aliyeuzwa bei kubwa. Basi kila mfugaji wa Hereford na wa Angus akawa anatafuta kifupi zaidi. Mara wakaanza kuzaliwa ndama wa ajabu. Ndama vibeti: kichwa kipana, paji limetokeza mbele, miguu mifupi mno, tumbo limevimba, na pumzi yao inakoroma. Wengi wao walikufa wakingali wadogo, na waliopona hawakufaa kitu.

Wafugaji waliwaficha. Nani angekubali kusema hadharani kwamba katika zizi lake la madume ya mbegu kumezaliwa kibeti? Wengine waliwazika usiku. Na kwa kufichana huko ugonjwa ukaenea, kwa sababu haukuwa ugonjwa wa kuambukiza, ulikuwa wa urithi. Hebu tueleze kidogo hapo. Kila ndama hupata chembe za urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Chembe hiyo ya ukibeti ilikuwa ya kujificha: ndama akiipata upande mmoja tu, yeye mwenyewe ni mzima, anakula, anakua, anapanda, hata anaweza kushinda maonyesho. Lakini ni mbebaji. Mbebaji akipanda mbebaji, kwa wastani ndama mmoja katika wanne hutoka kibeti. Na kwa kuwa watu walikuwa wanachagua wafupi na wanene, walikuwa pia wanakusanya wabebaji bila kujua.

Katika miaka ya 1950 ikawa lazima kujua dume yupi ni mbebaji. Walijaribu kwanza kwa macho, kwa namna ya kisayansi. Huko California alibuniwa mtambo wa kuchora umbo la paji la uso la dume, wakidhani kwamba mbebaji ana paji lililotokeza kidogo. Wengine walipiga picha za eksirei migongo ya ndama wachanga. Mzee wetu wa barua asikie hapo: wataalamu waliojua kazi yao, wenye vyombo, walimkagua dume paji na mgongo, na bado hawakuweza kuwa na uhakika. Dume safi alionekana mbebaji na mbebaji akapita kama dume safi.

Njia iliyofaa ilikuwa ngumu na ya gharama. Unamchukua dume, unampandisha kwa majike ambao umekwisha kujua ni wabebaji, halafu unangoja. Akizaliwa kibeti mmoja tu, dume ameshakwisha. Lakini asipozaliwa, je? Kila ndama ana nafasi tatu katika nne ya kutoka mzima hata kama baba yake ni mbebaji, kwa hiyo ndama mmoja mzima hathibitishi lolote, wala watatu. Inabidi wazaliwe 16, wote wazima, ndipo shaka inapungua kufikia kama nafasi moja katika mia. Ndama kumi na sita na muda wa mwaka mzima au zaidi, ili kumjua dume mmoja! Wafugaji walichunguza vitabu vya ukoo, wakafuta koo nzima zilizokuwa za fahari. Watu walipoteza kazi ya maisha yao.

Wakati hayo yakitokea, kulikuwa na wengine waliokuwa wakifanya kazi bila makelele kwenye ngome ya zamani ya jeshi, Fort Keogh, karibu na mji wa Miles City katika jimbo la Montana. Serikali ya Marekani iliifanya ngome hiyo kuwa kituo cha utafiti wa mifugo mwaka 1924. Mwaka 1934 walianzisha kundi la Hereford waliloliita Line 1, kutokana na madume wawili ndugu wa baba mmoja. Hao hawakupelekwa maonyesho. Walipimwa kwenye mizani: wakizaliwa, wakiachishwa ziwa, wakifikisha mwaka. Mwaka 1946 Bradford Knapp na Arne Nordskog walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba tofauti za ukuaji kati ya ng'ombe na ng'ombe, sehemu yake ya kutosha inatoka kwenye urithi na inaweza kurithishwa. Kwa lugha yetu: ukichagua kwa mizani, ndama watakufuata. Leo inajulikana kwamba uzito wa kuachishwa ziwa unatokana na urithi kiasi cha robo hivi, uzito wa mwaka mmoja zaidi kidogo ya hapo, lakini mambo ya uzazi, kama vile jike kushika mimba mapema, yanategemea urithi kidogo sana na matunzo mengi.

Hata hivyo mizani peke yake ina udanganyifu wake. Tuseme mimi nina dume wangu kwenye bonde lenye majani mwaka mzima, na wewe una wako kwenye mbuga ya vichaka vikavu. Ndama wangu wakiachishwa ziwa wana kilo 150, wako kilo 120. Dume wangu ni bora? Hakuna ajuaye. Labda majani yangu ndiyo bora. Labda majike wangu wana maziwa mengi. Labda ndama wangu walizaliwa mwezi mzuri.

Tatizo hilo ndilo lililotatuliwa na mtu mmoja aitwaye Charles Henderson. Kule Iowa, mwalimu Jay Lush alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1937 kitabu kilichogeuza uchaguzi wa mifugo kuwa elimu ya hesabu, na Henderson alisoma katika chuo hichohicho, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1948, kisha akaenda kufundisha chuo cha Cornell. Aliunda hesabu inayopima mambo yote kwa pamoja: dume, zizi, msimu, na baadaye hata ubora wa majike aliowapanda. Hesabu yake inahitaji kitu kimoja cha kuunganisha mazizi, na kitu hicho ni watoto wa dume mmoja kuwapo katika mazizi mengi. Hapo ndipo uhimilishaji ulipomsaidia. Mwaka 1949 Christopher Polge na wenzake huko Uingereza waligundua kwamba gliserini huzilinda mbegu za uzazi zisife zikigandishwa, na miaka michache baadaye mbegu za fahali zilizogandishwa zikawa zinasafirishwa popote. Dume mmoja akawa na ndama bondeni kwangu na mbugani kwako. Sasa tunaweza kulinganisha: kwangu, ndama wake wamewazidi ndama wengine wa zizi langu kwa kiasi gani? Na kwako je? Bonde na mbuga vinajitoa vyenyewe.

Kuna jambo la pili katika hesabu ya Henderson ambalo napenda tulishike vizuri. Dume mwenye ndama watatu tu, hata wakiwa wakubwa ajabu, hesabu haimwamini. Inamvuta arudi karibu na wastani. Mwenye ndama mia tatu, hesabu inamwacha asimame aliposimama. Ni kama baraza la kijiji: shahidi mmoja akisema, tunasikia; mashahidi thelathini wakisema jambo lilelile, tunaamua.

Hesabu hiyo ilianza kwa ng'ombe wa maziwa. Kwa ng'ombe wa nyama, chama cha wafugaji wa Simmental wa Marekani kilitoa orodha ya kwanza ya madume waliopimwa kwa watoto wao mwaka 1971. Vyama vingine vikafuata. Huko Australia mpango wao uitwao BREEDPLAN ulianza kutumika mwaka 1985.

Haya, sasa tunaweza kushika karatasi ya wenzetu wale.

Tuseme dume wa kwanza na wa pili wametoka Marekani. Kwenye safu ya uzito wa kuachishwa ziwa, wa kwanza ana +80, wa pili ana +55. Huko wanapima kwa ratili, si kwa kilo. Tarakimu hizo hazisemi dume ana uzito gani, wala hazisemi ndama wake atakuwa na uzito gani. Zinasema hivi tu: mkiwapandisha madume hawa wawili kwa majike wa namna moja, kwenye malisho mamoja, mkangoja ndama wengi, basi kwa wastani ndama wa wa kwanza watawazidi ndama wa wa pili kwa ratili 25, yaani kama kilo 11, wakiachishwa ziwa. Tarakimu moja ikisimama peke yake haina maana. Maana imo katika tofauti ya mbili. Na sufuri si dume mbaya, wala dume wa wastani wa leo si lazima awe sufuri; sufuri ni mahali pa kuanzia kuhesabia, ambapo kila chama kimejiwekea chenyewe.

Dume wa tatu ametoka Australia, naye ameandikiwa +40 kwa kilo. Mtu wa haraka atageuza: ratili 80 ni kama kilo 36, na huyu ana kilo 40, basi huyu wa tatu ndiye mkubwa. Hapo ataingia shimoni. Waaustralia huandika thamani nzima ya urithi wa dume mwenyewe, na Wamarekani huandika ile nusu anayoipa ndama. Kwa hiyo hiyo 40 ya Australia, kwa ndama ni 20 tu. Lakini hata ukishaigawa kwa mbili bado huwezi kumweka pamoja na wale wengine, kwa sababu mahali pao pa kuanzia kuhesabia ni tofauti, na hata koo zenyewe zaweza kuwa tofauti. Ni sawa na kulinganisha alama za mitihani za shule mbili zenye mitihani tofauti. Muuzaji ambaye anawapangia madume wa nchi mbili kwenye karatasi moja kama washindani, ama hajui, ama anajua sana.

Kuna safu nyingine ambayo wengi wanairuka: uzito wa kuzaliwa. Hii ina historia yake pia. Baada ya balaa la vibeti Wamarekani walikimbilia upande wa pili. Mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 waliingiza koo kubwa za Ulaya, Simmental, Charolais na nyingine, wakawapandisha kwa mitamba wadogo wa Hereford na Angus. Ndama walikua kweli, lakini wengi walikwama njiani wakati wa kuzaliwa. Mitamba wakafa, ndama wakafa, watu wakavuta kwa kamba usiku kucha. Kituo cha utafiti cha Clay Center huko Nebraska kilipima koo hizo kwa miaka mingi, na mambo yakawa wazi: ukuaji mkubwa na uzito mkubwa wa kuzaliwa hupenda kutembea pamoja, isipokuwa ukitafuta kwa makusudi dume anayevitenganisha. Ndiyo maana karatasi ina safu ya uzito wa kuzaliwa, au safu ya wepesi wa kuzaa. Angalieni: kwenye uzito wa kuzaliwa tarakimu ndogo ndiyo nzuri kwetu, kwenye wepesi wa kuzaa tarakimu kubwa ndiyo nzuri. Kama yule dume wa +80 ana uzito wa kuzaliwa wa +6 na mwenzake wa +55 ana sufuri na nusu, mimi nikimfikiria jike wetu wa asili mwenye nyonga ndogo, na daktari wa mifugo yuko mwendo wa saa nne, sitamgusa wa kwanza. Kilo 11 za ndama haziwezi kununua ng'ombe aliyekufa.

Na nisiwaache mfikirie kwamba Wamarekani walipopata tarakimu waliacha mitindo. Hapana. Katika miaka ya 1970 na 1980 utepe wa maonyesho ulihamia kwa madume warefu kama twiga, na walioshika tarakimu nao walishika tarakimu moja tu, ya ukuaji. Wakapata majike wakubwa wanaokula sana, na mwaka wa ukame hawashiki mimba.

Safu ya mwisho ni ile ya uaminifu, huandikwa kama sehemu ya moja: 0.30, 0.60, 0.90. Wengine huandika kwa mia. Hiyo ndiyo idadi ya mashahidi niliyowaambia. Dume kijana asiye na ndama, alama yake imetoka kwa wazazi wake na kwa uzito wake mwenyewe, nayo inaweza kupanda au kushuka sana ndama wake wakishazaliwa. Dume wa 0.90 hatabadilika sana.

Siku hizi mtasikia pia dume "amepimwa vinasaba". Mwaka 2001 wataalamu watatu, Meuwissen, Hayes na Goddard, walionyesha kwa hesabu kwamba ukisoma alama nyingi sana katika chembe za urithi za mnyama unaweza kukisia thamani yake hata kabla hajazaa. Mwaka 2009 ramani ya urithi wa ng'ombe ilitangazwa, na jike aliyetumika kuichora aliitwa L1 Dominette 01449. Hizo herufi mbili za mwanzo ni Line 1, kundi lilelile la Miles City lililoanza mwaka 1934 na mizani! Basi sasa nywele chache zenye mizizi au tone la damu vinasomwa alama kama 50,000, na dume mchanga anaongezewa uaminifu kama kwamba tayari ana ndama kadhaa. Ni faida kubwa. Lakini kipimo hicho kimefundishwa kwa ng'ombe waliopimwa kwenye mizani, na kama waliopimwa ni Angus, kinaona vizuri kwa Angus. Kwa ng'ombe wenye nundu kinaona gizagiza. Mtu akiwauzia kipimo cha vinasaba kwa dume wa Boran au chotara, muulizeni kimefundishwa kwa ng'ombe gani.

Tena kipimo cha alama na kipimo cha ubebaji ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 2008 Angus wa Marekani walikumbwa na ndama waliozaliwa wamekufa, wamekakamaa, mgongo umepinda. Ilitokana na chembe ya kujificha, kama ile ya ukibeti, na iliyoisambaza zaidi ilikuwa damu ya dume mashuhuri, Precision 1680, aliyetumiwa kila mahali kwa sababu ya tarakimu zake nzuri. Tarakimu zilikuwa kweli. Ila hazikuulizwa habari ya chembe hiyo, nazo hazikuijibu. Mtaalamu Jonathan Beever wa Chuo Kikuu cha Illinois aliitafuta na kutengeneza kipimo cha vinasaba, na dume akaweza kujulikana safi au mbebaji kwa tone la damu, bila ndama 16 na bila kungoja mwaka. Kwa hiyo kwenye karatasi tafuteni sehemu inayosema dume amepimwa magonjwa ya urithi na ameonekana safi. Kama haipo, ulizeni.

Nimeacha kwa makusudi swali gumu kuliko yote: je, tarakimu za Marekani zinasema kweli huku kwetu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti walifanya jaribio ambalo napenda kila mfugaji alijue. Walichukua sehemu ya lile kundi la Line 1 kutoka Montana, nchi ya baridi na theluji, wakaipeleka Brooksville, Florida, kwenye joto na unyevu. Na kundi la Hereford la Florida wakaligawa, sehemu wakaipeleka Montana. Wote Hereford, wote ng'ombe waliochaguliwa vizuri. Wakangoja miaka. Matokeo yake: Montana, wenyeji wa Montana walikuwa mbele. Florida, wenyeji wa Florida walikuwa mbele. Hiyo ni ndani ya nchi moja na ukoo mmoja. Sasa wewe fikiria kati ya Montana na Dodoma, ambako kuna kupe, ndigana, jua la Oktoba, na ndama anayegawana maziwa na watoto wa nyumba. Hakuna safu ya ndigana kwenye karatasi ile. Hakuna safu ya kutembea kilomita kumi kwenda mtoni.

Huku kwetu walikuwapo waliolielewa hilo mapema. Wafugaji wa Boran nchini Kenya walianzisha chama chao mwaka 1951, wakachagua ng'ombe ambaye asili yake ni kwa Waborana wa Ethiopia na aliyekwisha zoea ukame. Mpwapwa, katikati ya Tanzania, kituo cha utafiti kilichanganya Red Sindhi na Sahiwal na ng'ombe wetu wa asili, na damu kidogo ya Boran na ya Ulaya, wakawachagua papo hapo kwenye vumbi na kiangazi, mpaka akapatikana ng'ombe anayeitwa kwa jina la mahali hapo.

Basi ndugu zetu kumi na wawili, jibu letu ni hili. Yule mwenye tarakimu kubwa kuliko wote msimchukue kwa sababu hiyo peke yake. Kati ya wale wawili wa Marekani, sisi tungechukua yule wa +55, kama uaminifu wake ni wa juu na kama ameandikwa safi kwa magonjwa ya urithi, na mbegu yake tungeitumia kwa majike wakubwa waliokwisha kuzaa, si kwa mitamba. Wa Australia mwacheni mpaka muuzaji awaletee mwenzake wa Australia wa kumlinganisha naye. Wala msiweke majike wote kwenye mbegu ya kigeni. Nusu wapandishwe na dume mzuri wa Boran au wa Mpwapwa, na hapo mzee ndipo atakapopata kazi yake, kwa sababu miguu, kwato, macho na pumbu za dume bado hukaguliwa kwa macho na mikono, na hilo karatasi haliwezi.

Kisha nunueni daftari moja na utepe wa kupimia kifua cha ndama, bwana mifugo atawaonyesha namna ya kuusoma. Andikeni kila ndama: amezaliwa lini, mama nani, baba nani, alizaliwa kwa shida au la. Mpimeni siku anapoachishwa ziwa, na aliyekufa naye aandikwe, na sababu yake, msimfiche. Mkishapata ndama ishirini wa kila upande tuandikieni, nasi tutawasomea hesabu yenu hapa redioni, majina ya wenyewe tutayaacha kama mtapenda.